Niliupokea Mjeledi wa Marehemu kwa Mikono Miwili

Mimi Kefa, mwanafunzi wa misheni, mwenye umri wa miaka kumi na sita na busara ya mzee aliyelewa, nasimama tena mbele yenu kuungama. Wenye kofia wavue.

Mhariri ameniomba nisimalize gazeti lake kwa utangulizi. Basi, kwa yule ambaye gazeti la juma lililopita alifungia tumbaku kabla hajalisoma, nitasema kwa ufupi.

Sila, kaka wa rafiki yangu Matonya, alikuwa na gari la ng'ombe, maksai wawili, na maneno mengi. Alikuwa akiwapelekea maji watu wanaojenga reli. Siku moja, kwenye mteremko wa korongo lililo kati ya kijiji chetu Nzuguni na Dodoma, pipa lilihama, gari likapinduka, na Sila akawa chini yake.

Yahaya, rafiki yake Mrangi kutoka Kondoa, ndiye aliyekuwa mbele ameshika kamba ya kuwaongoza maksai. Yahaya hakupata hata mkwaruzo. Angevunjika mguu, nadhani leo angekuwa na nafuu.

Tulimzika Sila kabla ya mvua. Mpaka siku ninayoisimulia uwele ulikuwa umekwisha kuvunwa, na tembe lao bado limekaa kama siku ileile.

Mama Sila, ambaye kwa ubatizo anaitwa Loisi, aliapa kwamba hakuna mtu wa nyumba yake atakayekanyaga tena barabara kuu. Maziwa yake hayauzwi Dodoma. Yanagandia nyumbani, na paka wake amenenepa kama akida. Kanisani anakwenda kwa kupita porini, anafika na miiba kwenye kaniki wakati wenzake wanaimba wimbo wa kutokea.

Na Matonya, ambaye kitanda chake bwenini kiko kando ya changu, alikuwa amezuiwa kurudi shule. Njia ya shule inapita kwenye korongo.

Bwana mkubwa wa shule alikuwa amekwisha kutangaza: kengele ya muhula ikilia na Matonya hayupo, nafasi yake anapewa mwingine.

"Na huyo mwingine namjua," nilimwambia Matonya. "Anakoroma."

"Kwa hiyo unafikiria usingizi wako."

"Nafikiria elimu yako. Usingizi wangu ni nyongeza tu."

Hakucheka. Matonya zamani alikuwa akicheka hata akichapwa. Hapo nikajua mambo ni mazito.

Mlango wa kutokea hapo ulifunguliwa na Mzee Bartolomayo, baba yao mdogo, mtu mnene wa maneno na wa tumbo. Alikuja kwa Mama Sila akasema tanga lazima liondolewe. Mavuno yamekwisha, mama wa nyumba hajanyoa nywele, hajacheka, na majirani hawajui wamsalimie kwa sauti gani.

"Liondoeni basi," alisema Mama Sila. "Mimi nitakaa niwatazame."

Kwetu Wagogo koo hutaniana. Ukoo wangu na ukoo wa Sila ni watani tangu babu zetu walipogombania ng'ombe ambaye mpaka leo hatukubaliani alikuwa na rangi gani. Na kazi ya kuondoa tanga ni ya mtani. Huvaa nguo za marehemu, huiga mwendo wake, humsema vibaya, hupora kuku na vibuyu, mpaka wafiwa wacheke na kumfukuza. Baada ya hapo watu hunyoa nywele, na maisha huanza upya.

Wanaume wote wa ukoo wetu walikuwa mbali, wanapiga nyundo kwenye reli. Aliyebaki ni mimi tu.

"Unaijua kazi yenyewe?" Mzee Bartolomayo aliniuliza.

"Mzee, mimi shuleni nilichapwa mara nyingi kwa sababu ya kuigiza watu. Nimefuzu."

"Basi fanya. Na togwa ya mtani usiimalize peke yako."

Mafunzo yangu yalikuwa hayo.

Siku yenyewe ikafika. Matonya alinivalisha koti la kaka yake zizini. Lilikuwa koti la khaki lenye mkono mmoja na nusu, nalo bado lilinuka ng'ombe na tumbaku. Alifunga kifungo cha juu, akakifungua, akakifunga tena.

"Sila alikuwa hakifungi," alisema.

"Basi kifungue."

"Ngoja kidogo."

Nilingoja. Halafu akakifungua, nikatoka.

Wasomaji, mimi si mtu wa kujisifu, lakini nilikuwa mzuri mno. Niliingia uani bega la kushoto mbele, kofia kisogoni, kama Sila alivyokuwa akiingia kila mahali, hata kanisani. Nikapiga kelele: "Mbukwenyi!"

"Mbukwa!" watu wakaitikia, kisha wakashikana mikono, maana salamu yetu hiyo ya Kigogo ilitoka kwa sauti ya Sila kabisa.

"Mimi Sila, nimerudi! Huko nilikokwenda hakuna pombe, na kila mtu anaimba!"

Mwalimu wa dini akakohoa. Kikongwe mmoja akaanguka ubavu kwa kicheko.

Nikapora kuku. Nikapora kibuyu cha togwa kutoka mikononi mwa Mzee Bartolomayo, nacho hakikutoka kwa urahisi. Nikawaita maksai wa Sila, ambao mwenyewe aliwapa majina ya Karani na Askari: "Karani, amka, Wadachi wamekuja! Askari, acha kupiga watu, piga hatua!" Watu wakafuta machozi. Nikalala chini, nikajiwekea kinu kifuani, nikasema, "Gari hili nililipenda likanikalia moyoni, likaona moyo ni mdogo, likahamia kifuani!"

Kwanza walitazamana. Halafu ua wote ukalipuka. Watu walicheka kama wanaotapika kitu kilichowakaa tumboni tangu kabla ya mvua.

Wawili hawakucheka. Yahaya, aliyesimama nje ya ua akichungulia juu ya miiba. Na Mama Sila, aliyekaa kwenye ngozi yake mikono magotini.

Mama Sila akainuka. Akaingia ndani ya tembe. Akatoka na mjeledi wa Sila, ule mrefu wa ngozi ya kiboko, akaja mpaka nilipokuwa nimelala, akaunyosha kwa mkono wa kuume.

"Umesahau huu," alisema.

Sasa sikilizeni jinsi elimu inavyoweza kumponza mtu. Shuleni tumefundishwa, tena kwa fimbo, kwamba mtoto mwenye adabu akipewa kitu na mkubwa hukipokea kwa mikono miwili, hupiga goti, hushukuru. Nilisukuma kinu. Nikapokea kwa mikono miwili. Nikapiga goti.

"Asante sana, mama," nikasema.

Hata kuku niliyempora alinyamaza.

Mzee Bartolomayo alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Wewe mtoto! Umefanya nini?"

"Nimeshukuru, mzee."

"Mtani anapora! Mtani hapewi! Anayepewa kitu cha marehemu na mama wa marehemu, akakipokea, akashukuru, huyo si mtani, huyo ni mrithi! Amechukua jina!"

"Basi naurudisha."

"Unaurudisha kwa nani? Mwenyewe ni wewe!"

Hivyo ndivyo nilivyoingia uani nikiwa Kefa na kujikuta, kuku bado yuko kwapani, nimekuwa marehemu, mwenye gari, mwenye maksai wawili, na mwenye mama wa pili.

Mama yangu wa kwanza, Ruthu, alipasua umati kama mbuzi anayekwenda kwenye chumvi. "Loisi! Huyo nimemzaa mimi! Kwa tabu! Alitanguliza miguu!"

"Ulimzaa," Mama Sila alimjibu kwa upole. "Leo amepokea."

"Hata kufua hajui!"

"Sila naye alikuwa hafui."

Mama yangu akatafuta kasoro kubwa zaidi, akaniangalia, naona alizipata nyingi mno akashindwa kuchagua.

Kisha akaja Dorkasi. Dorkasi alikuwa mchumba wa Sila, msichana mrefu mwenye mabega ya kubeba mtungi mkubwa. Alinizunguka kama mnunuzi mnadani.

"Huyu?" alisema. "Nilichumbiwa na mwanamume, leo naletewa kifaranga?"

"Nitakua," nilisema.

Ua ukalipuka tena, na Dorkasi mwenyewe akacheka kuliko wote. Alicheka akiinama, akijifunika uso kwa nguo yake, akaondoka akicheka mpaka nyuma ya kihenge cha nafaka. Huko nyuma ya kihenge kicheko kikaendelea, lakini hakikuwa kicheko tena. Wanawake wawili wakamfuata.

Hata mimi nina mahali ninapokoma.

Lakini sikukoma kwa muda mrefu, maana wazo lilikuwa limenipiga kichwani. Baba yao Matonya alikufa zamani. Mkubwa wa tembe lile alikuwa Sila. Na Sila sasa alikuwa nani?

Nikapanda juu ya kinu. "Sikieni! Mimi Sila, mkubwa wa nyumba hii, naamuru mdogo wangu Matonya arudi shule leo hii, kwa barabara kuu, na sanduku lake!"

Watu wakamgeukia Mzee Bartolomayo. Mzee akakuna tumbo. "Kwa taratibu zetu," alisema, "mrithi akisema, amesema."

Nilimtazama Matonya. Kwa mara ya kwanza tangu kabla ya mvua alikuwa ananitazama kama mtu aliyeona mlango.

Watu wakamgeukia Mama Sila.

"Sila," aliniita.

"Naam, mama."

"Mwanangu alikuwa haamrishi watu akiwa juu ya kinu. Aliamrisha akiwa juu ya gari. Funga maksai."

Nilishuka kwenye kinu bila kuambiwa.

"Ukilivusha gari korongo, Matonya atakwenda shule, wala sitamfuata kwa kilio. Ukikataa, vua koti, niachie mjeledi wangu, na mtoto wangu asisikie tena neno shule kutoka kinywani mwa mtu yeyote."

Wasomaji, hapa ndipo penye ungamo. Mimi, ambaye nimeshawahi kumpeleka punda wa misheni ndani ya chumba cha kulia cha bwana mkubwa, sijawahi kuendesha gari la ng'ombe. Hata toroli la kokoto sijawahi.

"Kefa, kataa," Matonya alininong'oneza.

"Niite Sila. Na mama simkatalii."

"Meno yako yanagongana."

"Baridi."

"Kwa jua hili?"

Zizini nilimkuta Yahaya amekwisha kuwatia maksai nira. Gari nalo lilikuwa zima. Gurudumu lililovunjika lilikuwa jipya, limechongwa kwa mkono na kupakwa mafuta. Sikuwa na haja ya kuuliza nani amelitengeneza. Kila asubuhi Yahaya alikuwa akileta kuni, anaziweka nje ya ua wa Mama Sila, anaondoka. Mama Sila alikuwa akizichoma, hasemi kitu. Watu hao wawili waliishi hivyo tangu maziko, bila kusalimiana.

"Nishike nini kwanza?" nilimwuliza.

"Ulimi," alisema Yahaya. "Halafu kamba hizo mbili."

"Wewe utaongoza mbele?"

Aliipapasa kamba ya maksai. "Nitakwenda mpaka ukingoni. Baada ya ukingo sijui."

"Hujui nini?"

"Mwanafunzi, panda gari."

Nzuguni nzima ilitufuata. Sijapata kuona msafara wa furaha namna ile ukienda mahali pa msiba. Watoto walicheza mbele, wanawake wakapiga vigelegele, mwalimu wa dini akawa anatembea kando kidogo ili akiulizwa aseme alikuwa na safari zake. Matonya aliketi nyuma yangu juu ya sanduku lake la shule. Karani alisimama kula uzio wa mtu. Askari alikojoa, na Mzee Bartolomayo alikuwa karibu mno. Nilipunga mjeledi kama gavana. Mjeledi ukarudi ukanipiga sikio.

"Sila huyo!" watu walipiga kelele. "Hata yeye alikuwa akijichapa!"

Tukafika mahali ambapo kijia cha Nzuguni kinaingia barabara kuu. Mama Sila, aliyekuwa akitembea pembeni yetu, akasimama. Msafara wote ukasimama. Vigelegele vikakatika.

Alitazama chini, pale majani yanapoishia na vumbi jeupe linapoanzia, kama mtu anayetazama maji asiyojua kina chake. Akashika kaniki yake. Akakanyaga.

Mama yangu Ruthu akamshika mkono, wakaendelea, na sote tukaendelea.

Korongo halikungoja. Lile pale, mteremko wa mchanga na mawe, na katika ukingo wake bado ipo michirizi ya gurudumu iliyokwenda kombo. Mvua nzima ilipita juu yake haikuifuta.

Yahaya alisimama. Aliikaza kamba mkononi mwake hata Karani akageuza kichwa kumtazama. Kisha Yahaya akakaa chini, katikati ya barabara, kama mtoto.

"Siwezi, mama," alisema. "Nisamehe. Siwezi."

Lilikuwa neno lake la kwanza kwa Mama Sila tangu maziko.

"Aliniita," Yahaya aliendelea. "Siku ile aliniita, Yahaya, Yahaya! Nikadhani ni mzaha wake. Kila siku alikuwa akiniita hivyo kwenye mteremko, nikigeuka ananicheka. Nikasema moyoni, leo hanipati. Sikugeuka, mama."

Mimi niko juu ya gari, nimevaa koti la mtu wa mizaha, nikaivua kofia.

Mama Sila alimwachia mama yangu mkono. Akaja mpaka kwa Yahaya, akachutama mbele yake. Nilijua kazi imekwisha. Atasema turudi, na Matonya atachunga mbuzi mpaka uzee.

"Kuni zako zina moshi," alisema Mama Sila.

"Mama?"

"Kila siku moshi. Unakata mbichi. Siku moja ungeingia ndani ukaniona ninavyokohoa, ungejua."

Yahaya aliinua uso.

"Kesho lete kavu. Na uingie." Akaichukua kamba mkononi mwake, kidole baada ya kidole, maana Yahaya alikuwa ameikamata hata vidole vimekufa ganzi.

"Shemeji!" Mzee Bartolomayo aliingilia. "Kuongoza maksai ni kazi ya wanaume."

"Njoo basi uishike."

Mzee Bartolomayo akaanza kuchunguza mguu wake uliokojolewa.

Mama Sila akazungusha kamba kwenye kiganja. Lakini hakusimama kama wanavyosimama waongozaji, uso mbele na ng'ombe nyuma. Yeye aliligeuzia korongo mgongo. Akanitazama mimi, akamtazama Matonya aliyekuwa nyuma yangu, akanitazama tena.

"Nitashuka kinyumenyume," alisema. "Nitawaona mpaka chini. Ukiniita sitahitaji kugeuka. Haya, Sila. Waite ng'ombe wako."

Nilifungua kinywa kuitoa sauti ya Sila. Haikuja. Ilikuja yangu mwenyewe, nyembamba, imepasuka katikati.

"Karani," nilisema. "Twende."

Karani akasimamisha sikio moja. Askari akaweka kwato kwenye mteremko. Matonya akakamata koti langu kwa nyuma kwa mikono yote miwili. Mama Sila akarudi nyuma hatua moja, kisigino chake kikitafuta jiwe, na gari likaanza kushuka lenyewe, kwanza polepole kama linalofikiria, halafu kama lililokata shauri.

"Breki!" Yahaya alipiga kelele nyuma, akiinuka. "Vuta breki!"

Breki ya gari la ng'ombe ni gogo linalobana gurudumu, nalo huvutwa kwa kamba. Nilitazama mkononi kwangu. Kamba zilikuwa mbili.

"Ipi?" nilipiga ukelele.

Watu wote wa Nzuguni wakanijibu kwa pamoja. Wengine walisema kushoto. Wengine walisema kulia. Mzee Bartolomayo alisema tumwombe Mungu.

Mama Sila alikuwa mbele ya pembe za maksai, anarudi nyuma, macho hayajabanduka kwangu, naye alikuwa anaanza kutabasamu.

Nikavuta moja, na nyuma yangu gogo likalia kwenye gurudumu.